Orodha ya Amana inakataliwa mahali panapotakiwa orodha ya Muamala: nifanyeje katika Java?

mshona_msimbo ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninaandika kwa Java 17 mfumo mdogo wa kutunza hesabu za chama cha kuweka na kukopa, na nimekwama mahali ambapo sikutarajia kukwama. Nina klasi mama iitwayo `Muamala`, yenye tarehe, namba ya mwanachama na kiasi cha fedha, kisha nina klasi tatu zinazoirithi: `Amana` kwa fedha anazoweka mwanachama, `Marejesho` kwa fedha anazorudisha baada ya kukopa, na `Makato` kwa ada na faini. Metodi ya kujumlisha niliiandika mara moja tu, nikiamini kwamba itazihudumia zote tatu:

```java
static BigDecimal jumla(List<Muamala> miamala) {
    BigDecimal jumla = BigDecimal.ZERO;
    for (Muamala m : miamala) {
        jumla = jumla.add(m.kiasi());
    }
    return jumla;
}
```

Sehemu inayosoma hifadhidata inanirudishia `List<Amana>`, na ninapoipeleka kwenye metodi hiyo kompaila (programu inayokagua na kutafsiri msimbo) inakataa, ikidai kwamba `List<Amana>` haiwezi kugeuzwa kuwa `List<Muamala>`. Nilidhani inataka kulazimishwa tu, nikatanguliza `(List<Muamala>)` mbele ya kigeu, ikakataa tena. Kilichokubalika ni kitanzi kinachochukua amana mojamoja na kuiongeza kwenye orodha mpya, lakini baadhi ya orodha zina amana zipatazo 40,000, na kuzinakili zote ili tu nipate jumla kunanikera.

Naomba kuelimishwa mambo matatu. Ikiwa kila Amana ni Muamala, na kompaila hiyohiyo inaniruhusu kuandika `Muamala m = amana;` bila neno, kwa nini orodha ya amana isiwe orodha ya miamala? Je, nikinakili orodha, amana zenyewe zinarudufiwa katika kumbukumbu ya kompyuta au la? Na wale waliozoea kazi hii hufanyaje?

---

fundi_mkongwe amejibu:

Ndugu mshona_msimbo, swali lako la kwanza ndilo linalobeba mengine, kwa hiyo nitakaa hapo kwa muda.

Pale ofisini kwenu, kabla ya kompyuta, bila shaka palikuwa na daftari la amana peke yake. Mtunza daftari hilo anajua kwamba kila mstari ndani yake ni fedha iliyoingia, na anapofunga hesabu za mwezi hasomi safu ya aina ya muamala, kwa kuwa aina ni moja. Sasa mkabidhi karani mwingine daftari hilohilo, umwambie kwamba ni daftari la miamala. Karani hatakuwa na kosa lolote akiandika humo faini ya mwanachama aliyechelewa, maana faini nayo ni muamala, na wewe umemwambia kwamba daftari ni la miamala. Mwenye daftari akirudi jioni anakuta faini imekaa katikati ya amana, na yeye ataijumlisha kama fedha iliyoingia.

Hicho ndicho ambacho kompaila inakikataa, nayo inakikataa kabla hakijatokea:

```java
List<Amana> amana = new ArrayList<>();
List<Muamala> miamala = amana;      // tuseme hii ingekubaliwa
miamala.add(new Makato()); // ni halali, Makato ni Muamala
Amana ya_kwanza = amana.get(0); // lakini kilichomo ni Makato
```

Mstari wa tatu hauna kosa, na wa nne hauna kosa. Kosa liko kwenye wa pili, na ndiyo maana unazuiliwa hapo. Kwa maneno mengine, Amana ni mtoto wa Muamala, lakini orodha haifuati ukoo wa vitu vilivyomo ndani yake, kwa sababu orodha ni kitu cha kusomwa na pia ni kitu cha kuandikwa. Kama ingekuwa ya kusomwa tu, hoja yako ingekuwa sahihi kabisa.

Huenda ukaniuliza mbona safu (array) zinakubali. Ni kweli, Java tangu toleo lake la kwanza inakuruhusu kuweka `Amana[]` ndani ya kigeu cha `Muamala[]`. Wakati huo lugha haikuwa na jeneriki, yaani aina zinazotajwa kati ya `<` na `>`, na bila ruhusa hiyo isingewezekana kuandika metodi moja ya kupanga au kunakili safu za vitu vya aina zote. Gharama yake ni kwamba kila unapoandika kitu ndani ya safu ya vitu, mashine pepe inayoendesha programu za Java inalazimika kukagua aina yake wakati programu inapoendeshwa, na ukijaribu kuweka Makato ndani ya safu iliyoumbwa kuwa ya Amana utarushiwa `ArrayStoreException`. Jeneriki zilipoingia na Java 5 mwaka 2004, wabunifu waliamua kutorudia kosa hilo, wakauhamishia ukaguzi kwa kompaila. Mimi nauona kuwa uamuzi wa busara, ingawa kila mwaka nakutana na mtu anayeulaani.

Sasa suluhisho. Orodha yako haihitaji kugeuzwa hata kidogo. Kinachohitaji kugeuzwa ni ahadi ya metodi yako. Metodi ya `jumla` inasoma tu, haiongezi kitu, lakini kwa kuandika `List<Muamala>` umetangaza kwamba inaweza kuongeza muamala wowote. Ondoa tangazo hilo:

```java
static BigDecimal jumla(List<? extends Muamala> miamala) {
```

Mwili wa metodi unabaki kama ulivyo. Alama ya kuuliza inasema: «nipe orodha ya aina fulani inayotokana na Muamala, sihitaji kujua ni ipi». Kompaila itakubali `List<Amana>`, `List<Marejesho>`, hata `List<Muamala>` yenyewe, na ndani ya metodi kila utakachokisoma kitahesabiwa kuwa Muamala. Unachopoteza ni haki ya kuandika: ukijaribu `miamala.add(new Makato())` humo ndani utakataliwa, kwa kuwa orodha iliyoletwa yaweza kuwa ya amana. Kitu pekee unachoweza kukiongeza ni `null`, nacho sidhani kama unakitaka kwenye vitabu vya chama.

Kwa metodi inayoandika badala ya kusoma, ishara inageuka. Metodi inayojaza amana kutoka kwenye hifadhidata inaweza kupokea `Collection<? super Amana>`, yaani chombo chochote kinachostahili kupokea Amana, kiwe cha Amana, cha Muamala au cha Object. Chombo kinachokutolea vitu kinatajwa kwa `extends`, na kinachopokea vitu vyako kinatajwa kwa `super`. Kinachofanya yote mawili hubaki na aina kamili, bila alama ya kuuliza.

---

njia_ya_mkato amejibu:

Maelezo ya mzee ni mazuri, lakini wakati mwingine metodi si yako. Imo ndani ya maktaba ya mtu mwingine, inadai `List<Muamala>`, na huna ruhusa ya kuigusa. Kwa hali hiyo mimi hupitia njia ya pembeni:

```java
@SuppressWarnings("unchecked")
List<Muamala> miamala = (List<Muamala>) (List<?>) amana;
```

Kompaila inakubali kupanda hadi `List<?>`, kisha inakubali kushuka hadi `List<Muamala>` ikitoa onyo tu, ambalo ile alama ya juu inalinyamazisha. Hakuna kunakili, hakuna kitanzi, na orodha ya vitu 40,000 inapita mara moja. Nimeitumia kwa miaka mingi na haijanidhuru.

---

zamu_ya_usiku amejibu:

Mimi imenidhuru, kwa hiyo niruhusuni nieleze ilivyokuwa, maana kisa chenyewe kinahusu miamala vilevile.

Katika ofisi moja niliyopata kufanya kazi, mwenzetu mmoja alitumia hiyo kasti (kulazimisha aina) ya mara mbili ili kuipitisha orodha ya malipo kwenye metodi ya zamani ya kutengeneza ripoti. Ilifanya kazi vizuri. Miezi kadhaa baadaye mtu mwingine kabisa, aliyekuwa akirekebisha ripoti, aliona kwamba jumla zinapishana kwa senti chache kutokana na kukadiria desimali, akaongeza ndani ya ile metodi mstari mmoja unaotia kwenye orodha kiingizo cha marekebisho. Metodi ilikuwa imetangazwa kupokea orodha ya aina mama, kwa hiyo alikuwa na haki kamili ya kufanya hivyo, na kompaila haikumwonya kwa lolote. Ripoti ilitoka sawasawa. Kilichoanguka ni uchapaji wa stakabadhi, sehemu iliyo mbali kabisa na ripoti, kwenye mstari unaofanana na huu:

```java
for (Amana a : amana) {
```

Hitilafu ilikuwa `ClassCastException`, na mstari huo, kama mnavyouona, hauna kasti yoyote iliyoandikwa na mtu. Tulikesha tukiutazama.

Sababu yake ni namna Java inavyotekeleza jeneriki. Muundo huo ulitokana na kazi ya Gilad Bracha, Martin Odersky, David Stoutamire na Philip Wadler, waliochapisha mwaka 1998 lugha ya majaribio iitwayo GJ, na sharti kubwa lilikuwa kwamba programu za zamani zilizokwisha kukompailiwa ziendelee kufanya kazi pamoja na maktaba mpya bila kuguswa. Ili hilo liwezekane, kompaila ikishamaliza kukagua aina inazifuta: katika baitikodi, yaani msimbo inaoutoa kompaila, `List<Amana>` na `List<Muamala>` zote ni `List` tu, na orodha yenyewe haina kumbukumbu ya kwamba ilikusudiwa kubeba nini. Badala yake kompaila inapachika kasti kimyakimya pale unapotoa kitu kutoka kwenye orodha na kukiita Amana. Kwa hiyo kitu kigeni kinapoingia hakuna mlinzi mlangoni, na hitilafu inajitokeza siku kinapotolewa, mahali pengine, mikononi mwa mtu asiyehusika. Ndugu njia_ya_mkato, onyo ulilolinyamazisha ndilo lilikuwa likikwambia hivyo.

Tulichokuja kukitumia kumtafuta mkosaji ni metodi iliyomo ndani ya Java tangu toleo la 5 ambayo watu wengi hawaijui:

```java
List<Amana> amana =
    Collections.checkedList(new ArrayList<>(), Amana.class);
```

Orodha iliyofungwa hivi inakumbuka aina yake na inakagua kila kinachoingizwa. Tuliifunga pale inapozaliwa, tukaendesha programu tena, na safari hii hitilafu ilitokea palepale penye `add`, ndani ya metodi ya ripoti. Ilituchukua dakika chache tu, baada ya usiku mzima.

Kuhusu metodi isiyo yako inayodai `List<Muamala>`, kuna njia tatu halali, na zinatofautiana kwa jambo moja: nani atamiliki orodha baada ya hapo.

Ukitaka orodha mpya ambayo anayepewa anaweza kuiandika apendavyo bila kugusa ya kwako, nakili:

```java
List<Muamala> miamala = new ArrayList<>(amana);
```

Hiki ni kile kitanzi chako, kwa mstari mmoja. Kiundaji cha `ArrayList` kimetangazwa kupokea mkusanyo wa aina yoyote inayotokana na Muamala, ndiyo maana kinaikubali amana. Na hapa ndipo jibu la swali lako la pili. Amana zenyewe hazirudufiwi. Kinachonakiliwa ni marejeo, yaani anwani za mahali amana zilipo, na katika mashine ya kawaida ya biti 64 yenye nafasi ya vitu isiyozidi takriban gigabaiti 32, rejeo moja huchukua baiti 4. Orodha yako ya 40,000 ni baiti 160,000 hivi, chini ya picha moja ya simu. Kabla hujakereka na gharama ya kunakili, ipime. Mimi ningeiogopa zaidi ile hoja ya hifadhidata iliyozileta hizo amana. Ila kumbuka matokeo ya upande wa pili: kwa kuwa vitu ni vilevile, mtu akibadilisha kiasi ndani ya Amana kupitia orodha mpya, mabadiliko yataonekana na kwenye orodha ya zamani.

Usipotaka kunakili na metodi inasoma tu, mpe dirisha:

```java
List<Muamala> miamala = Collections.unmodifiableList(amana);
```

Hii hainakili chochote. Ni kioo kinachoitazama orodha ileile, anayejaribu kuandika kupitia hicho anarushiwa `UnsupportedOperationException`, na kwa sababu hakuna awezaye kuandika, kule kuiita orodha ya Muamala hakumdhuru mtu. Ukiongeza amana kwenye orodha ya asili, itaonekana kwenye dirisha.

Njia ya tatu ni `List.copyOf(amana)`, iliyokuja na Java 10 mwaka 2018, ambayo inatoa nakala isiyoandikika. Tahadhari yake ni kwamba haivumilii `null` hata moja ndani ya orodha.

---

mshona_msimbo ameandika:

Nawashukuru nyote, na hasa dada kwa kile kisa cha stakabadhi, maana nilikuwa tayari nimeibandika ile kasti ya mara mbili kwenye faili mbili kabla sijafika kwenye jibu lake. Nimeiondoa. Metodi ya `jumla` sasa ina `? extends Muamala` na inafanya kazi kwa aina zote tatu.

Nimejaribu pia njia ya mikondo (`stream`), nikakutana na jambo lisiloeleweka. Mstari wa kwanza hapa unakubaliwa, wa pili unakataliwa, ingawa machoni pangu ni kitu kimoja:

```java
List<Muamala> a = amana.stream().collect(Collectors.toList());
List<Muamala> b = amana.stream().toList();
```

Na nina swali la upande wa pili. Kuna mahali ninapokea `List<Muamala>` iliyochanganyika, nami nataka amana peke yake katika `List<Amana>`. Hapo nifanyeje?

---

fundi_mkongwe amejibu:

Kuhusu mistari miwili: metodi ya `toList` ya mkondo wenyewe, iliyoongezwa katika Java 16, imetangazwa kurudisha orodha ya aina ileile ya mkondo. Mkondo wako ni wa Amana, basi itarudi `List<Amana>`, na tumerudi kwenye ukuta uleule. Mkusanyaji wa `Collectors.toList()` ni tofauti, kwa sababu `collect` inapokea mkusanyaji wa Amana au wa aina yoyote iliyo juu yake. Kompaila inatazama upande wa kushoto, inaona unataka Muamala, inamfanya mkusanyaji kuwa wa Muamala. Ukipenda ufupi wa `toList`, mgeuze mkondo kwanza kwa `.map(Muamala.class::cast)`. Angalia vilevile kwamba orodha ya `toList` haiandikiki, wakati ya `Collectors.toList()` haina ahadi yoyote upande huo.

Kushuka kutoka Muamala kwenda Amana si jambo la kugeuza aina ya orodha, ni jambo la kuchambua kilichomo. Hakuna alama ya kuuliza itakayokusaidia, maana ukweli uko ndani ya kila kitu kimojakimoja, na lazima kiulizwe:

```java
static <T> List<T> chambua(List<?> orodha, Class<T> aina) {
    return orodha.stream()
                 .filter(aina::isInstance)
                 .map(aina::cast)
                 .toList();
}

List<Amana> amana = chambua(miamala, Amana.class);
```

Tunapeleka `Amana.class` kwa mkono kwa sababu ileile aliyoieleza dada: T imefutwa wakati programu inapoendeshwa, na huwezi kuuliza kama kitu ni cha aina T.

Lakini fikiri kabla ya kuitumia. Metodi hii inavitupa kimya visivyo Amana. Kama orodha ilitarajiwa kuwa na mchanganyiko, hilo ndilo ulilotaka. Kama ilitarajiwa kuwa na amana tupu, na kwa bahati mbaya kuna Makato yamejipenyeza, basi umeyaficha, na katika mfumo wa fedha za watu mimi ningetaka programu isimame na kulalamika. Kwa hali hiyo ondoa mstari wa `filter`; `cast` itarusha hitilafu kwenye kitu cha kwanza kisichofaa, na itairusha hapo hapo, si siku ya kuchapa stakabadhi.

Nigusie jambo moja linalochanganywa na hili. Orodha ya maandishi `"15000"`, `"2500"` uliyoisoma kwenye faili haiwi orodha ya `BigDecimal` kwa kasti yoyote ile. Hapo hakuna ukoo kati ya aina mbili, kuna kuumba kitu kipya kutoka kwenye kingine, na kazi hiyo ni ya `.map(BigDecimal::new)`.

---

baharia_wa_seva amejibu:

Naomba niongeze mtazamo wa C#, kwa kuwa ndiyo lugha ninayoitumia kazini, na swali hili huulizwa huko kwa maneno yaleyale.

`List<Amana>` haiwi `List<Muamala>` katika C# pia, kwa hoja ileile ya daftari. Ila tangu C# 4 ya mwaka 2010 mwandishi wa kiolesura (interface, yaani orodha ya metodi ambazo klasi huahidi kuwa nazo) anaweza kutangaza, kwenye kiolesura chenyewe, kwamba aina fulani hutoka tu na haiingii. `IEnumerable` imetangazwa hivyo kwa neno `out`, na `IReadOnlyList` iliyokuja baadaye vilevile. Matokeo yake ni kwamba msimbo huu unapita bila alama ya kuuliza wala nakala:

```csharp
List<Amana> amana = PataAmana();
IEnumerable<Muamala> miamala = amana;
decimal jumla = miamala.Sum(m => m.Kiasi);
```

Katika Java kila anayeandika metodi anabeba mzigo wa kukumbuka `? extends`, katika C# mzigo huo aliubeba mara moja aliyeandika kiolesura. Kotlin, inayoendeshwa kwenye mashine pepe ileile ya Java, ilichukua njia hii ya pili: `List` yake ni ya kusomwa tu na inafuata ukoo, wakati `MutableList` haifuati. Ndugu mshona_msimbo angeandika kwa Kotlin, huenda asingeliona tatizo lake kabisa.

Tofauti nyingine ni kwamba C# haifuti aina. Ile njia ya mkato, ukiijaribu kwa kupitia `object`, inakataliwa papo hapo na `InvalidCastException`, kwa kuwa orodha inajijua kwamba ni ya Amana.

Kuna mtego mmoja unaowanasa wageni. Kufuata ukoo kunahusu aina za marejeo peke yake, kwa hiyo `IEnumerable<int>` haiwi `IEnumerable<object>`. Na `Cast<long>()` juu ya orodha ya `int` haibadilishi namba, bali inaanguka, tena inaanguka pale unapoanza kusoma, si pale ulipoiita. Kwa kubadilisha thamani tumia `Select` au `ConvertAll`:

```csharp
List<long> namba = orodha.ConvertAll(n => (long)n);
```

---

njia_ya_mkato ameandika:

Nimesoma na ninakubali kwamba ushauri wangu ulikosa sharti. Hata hivyo nisingependa ile kasti ichukuliwe kuwa haramu moja kwa moja, kwa sababu waandishi wa Java wenyewe wanaitumia. `Collections.emptyList()` inawapa watu wote orodha tupu moja tu, ileile, ikiwa imekastiwa kuwa ya aina yoyote wanayoitaka, na `List.copyOf` ikipewa orodha ambayo tayari ni ya namna yake isiyoandikika hurudisha hiyohiyo kwa kasti badala ya kunakili. Sharti ambalo sikulitaja ni hilo: pasiwe na mtu yeyote awezaye kuandika ndani ya orodha kupitia jina jipya. Orodha yangu ya miaka mingi ilikuwa ya kusomwa, ndiyo maana sikudhurika, na sikuwa nimelitambua hilo hadi leo.

---

zamu_ya_usiku ameandika:

Na kama sharti hilo limetimia, `Collections.unmodifiableList` inafanya kazi ileile, bila onyo la kunyamazisha, na inalilinda sharti lenyewe hata baada ya wewe kuhama ofisi.

---

mshona_msimbo ameandika:

Naleta mrejesho. Nimepitia metodi 14 zilizokuwa zikipokea `List<Muamala>`. Kumi na mbili zilikuwa zinasoma tu, nimezitia `? extends`. Moja inaongeza mstari wa jumla mwishoni mwa orodha kabla ya kuchapa, hiyo nimeiacha na aina yake kamili, na anayeiita anapeleka `new ArrayList<>(amana)`. Iliyobaki ni ile inayorudisha orodha, na hapo nimesita: je, nayo irudishe `List<? extends Muamala>`?

---

fundi_mkongwe amejibu:

Hapana. Alama ya kuuliza kwenye kinachopokelewa inampa nafasi anayekuita. Kwenye kinachorudishwa inamfunga, kwa sababu kila atakayeipokea orodha hiyo atalazimika kuibeba alama hiyo hadi kwenye vigeu vyake. Rudisha `List<Muamala>` ikiwa imechanganyika, au `List<Amana>` ikiwa ni amana tupu.